Usiku Tuliosikiliza Mguu wa Mende

Bibi ndiye aliyemkamata. Alimfunika kwa bilauri kwenye kona ya jiko, akapitisha kipande cha boksi chini yake, akatuletea ukumbini. "Haya, huyu hapa. Mlitaka mdogo, asiyeota mbawa. Mkimtesa bure mtajibu wenyewe kwa Mungu."

Ilikuwa Ngamiani, Tanga, likizo ya Desemba 2012, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha pili. Da Mwanaidi, mtoto wa mama yangu mkubwa, alikuwa amerudi kutoka Uingereza alikokuwa akisomea neva za wadudu. Ndani ya begi lake, katikati ya zawadi za watu, mlikuwa na kisanduku alichokiunda mwenyewe: betri ya volti 9, nyaya mbili, na spika ndogo ya kutosha kiganjani. Aliniambia kwamba kinakuza umeme mdogo mno mpaka masikio ya binadamu yausikie. Nilikuwa nimeshachora seli ya neva darasani, na mkia wake mrefu na mishale ya kuonyesha ishara inakoelekea, nikapata alama zangu. Kwamba kitu kile kinaweza kusikilizwa, tena sebuleni kwa bibi yangu, hilo halikuwahi kunipitia akilini.

Tulimtia mende kwenye maji ya barafu tuliyonunua kwa jirani. Baridi huzipunguza kasi neva za mdudu mpaka zikanyamaza kabisa, Da Mwanaidi akaeleza, akimwelekea Bibi zaidi kuliko mimi, kwa sababu Bibi ndiye aliyekunja uso. Mende alipotulia kabisa, Da alimkata mguu mmoja wa nyuma kwa mkasi wa kucha. "Bado mdogo huyu, Bibi. Akijivua gamba mguu utaota tena." Mende mwenyewe akawekwa ndani ya kopo na kipande cha ndizi, akazinduka baada ya muda akaanza kula.

Mguu ule nauona hadi leo. Ulikuwa wa rangi ya kahawia nyepesi, unapitisha mwanga wa taa, na miiba imesimama safu safu kuanzia gotini kushuka chini. Da aliulaza juu ya kipande cha ndala chakavu, akauchoma pini mbili za mtandio, moja pale mguu ulipokuwa umeungana na mwili, ya pili chini kidogo, kisha akafunga waya kwenye kila pini. Akawasha kisanduku.

Spika ikanguruma. Mngurumo mmoja mzito usio na mwisho. Da akazima feni, akasogeza meza mbali na friji, akashika kisanduku hivi na vile, wapi. Ni umeme wa nyumba, akasema. Umeme ulio kwenye nyaya za ukutani unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na pini zinaudaka mtetemo huo. Tulihangaika nao mpaka Bibi akaanza kutuuliza kama hatusikii njaa.

Kisha umeme ukakatika mtaa mzima.

Watoto wa nje walipiga kelele zao za kawaida. Mngurumo ulikatika papo hapo, na kwenye ukimya uliobaki tukasikia kitu kingine: pa. Papa. Pa. Papapa, pa. Vidonge vya sauti, vikavu, kama mchanga unaorushwa kidogo kidogo juu ya bati. Bibi alisimama na kibatari mkononi. "Nini hicho?"

"Mguu, Bibi."

Da alichomoa chelewa moja kwenye ufagio, akaipasua mpaka ncha yake ikawa nyembamba kuliko uzi, akagusa nayo mwiba mmoja. Spika ikalipuka: papapapapapa. Akaondoa, ikatulia. Akanipa mimi. Nikagusa kwa woga, zikaja chache. Nikasukuma zaidi, zikaja kwa kasi mpaka zikakaribia kuungana. Da akaniambia nisikilize vizuri: je, zile za nguvu ni kubwa kuliko zile za kugusa kidogo? Nikarudia mara kadhaa. Zilikuwa sawa. Kilichobadilika ni wingi wake kwa sekunde.

Hapo ndipo aliponisimulia habari za Edgar Adrian, mwanafiziolojia wa Uingereza, na mpaka sasa naona hakuna njia nzuri zaidi ya kuzisikia kuliko mtu ukiwa na chelewa mkononi. Mwaka 1926, huko Cambridge, Adrian akiwa na Yngve Zotterman kutoka Sweden alining'iniza uzito kwenye msuli wa chura na kurekodi neva yake. Uzito ukiongezwa, mapigo yaliongezeka idadi, lakini kila pigo lilibaki na ukubwa ule ule. Seli ya neva ama inapiga ama haipigi, nusu pigo halipo. Ndani ya seli, kila pigo ni badiliko la umeme la karibu sehemu moja ya kumi ya volti, linapita kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwaka 1932 Adrian alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Sherrington.

Nikajaribu jambo jingine. Nilisukuma mwiba nikaushikilia pale pale bila kuuachia. Mapigo yakaja kwa fujo, yakapungua, yakaisha, na chelewa bado imeukandamiza mwiba. Nikadhani mguu umekufa. Da akanyoosha kidole kwenye bega la Bibi. "Bibi, hiyo kanga unaisikia begani?"

"Sasa umeniambia, naisikia."

"Na kabla sijakwambia?"

Bibi hakujibu. Aliigusa kanga. Da akasema neva nyingi za ngozi zinafanya kama mwiba ule. Zinatoa habari kitu kinapobadilika, kisha zinanyamaza. Kama zingetangaza kila nguo na kila kiti mchana kutwa, tusingeweza kusikia jambo jingine lolote.

Ndipo Bibi akauliza swali ambalo mimi, na vidato vyangu, sikuwa nimeliwaza. Aliweka kibatari mezani, akainama juu ya mguu. "Mwanaidi. Mguu umekatwa. Mwenyewe yumo koponi anakula ndizi. Sasa huu ukiguswa unapiga kelele, anayesikia ni nani?"

"Hakuna, Bibi. Tunasikia sisi tu."

"Kwa hiyo unasema maneno yasiyofika kwa mtu."

"Hata maneno bado si maneno. Ni pa, pa, pa. Ya jicho ni pa, ya sikio ni pa, ya ulimi ukila ndimu ni pa. Inakoingia ndiko inakopata maana."

Bibi alimtazama kwa namna ya kutaka uthibitisho. Da akatuambia tufumbe macho, sisi sote, na kila mtu aweke kidole taratibu kwenye pembe ya nje ya jicho, upande wa sikio, juu ya kope, akandamize kidogo sana. Nilifanya. Kwenye weusi ule ikatokea duara ya mwanga hafifu, na wala haikuwa upande wa kidole. Ilikuwa upande wa pua. Nilipozungusha kidole ikatembea. Nikamsikia Bibi akivuta pumzi. "Subhanallah. Kidole hakina taa."

Kidole kilikuwa kimebana seli za nyuma ya jicho, nazo zikapiga. Njia zao zinakwenda kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia kuona, basi ubongo ukaona. Lensi ya jicho huipindua picha, kwa hiyo mwanga wa kweli unaogusa upande wa nje wa jicho huwa umetoka upande wa pua. Ubongo umezoea hivyo, ndiyo maana duara ikatokea kule. Mwanafiziolojia wa Ujerumani, Johannes Müller, alilieleza jambo hili tangu karne ya 19: neva ya kuona, uichokoze kwa njia yoyote ile, itatoa kuona. Da alisema haya tukiwa bado tumefumba macho gizani, na nakumbuka nilikuwa sitaki kuyafumbua.

Baada ya pale Bibi ndiye aliyekwenda kutafuta mende wa pili, mkubwa, mwekundu, mzima na mbawa zake. Aliniita mimi, "Mume wangu, shika bilauri," tukamnasa chini ya beseni. Da alitaka tumwone mende aliye kamili, kwa kuwa mguu peke yake hauwezi kuonyesha seli zinavyoshauriana. Tukamweka kwenye trei pana ya bati yenye kingo za juu, Da akampulizia nyuma kwa mrija wa juisi, pumzi fupi. Mende aligeuka na kutimka kabla sijaona ameanzaje.

Da akachora nyuma ya karatasi ya kalenda, mimi nikimmulikia kwa tochi ya simu. Mkiani mwa mende mna vipembe viwili, na chini ya kila kimoja mna nywele kama 200. Kila unywele umepandwa kwa namna ya kulala kirahisi kuelekea upande wake maalumu, na chini yake imo seli moja. Upepo ukiusukuma upande mmoja, seli inapiga sana. Ukiusukuma upande wa pili, inanyamaza. Kwa hiyo pumzi ya kutoka kushoto inaamsha kundi fulani la nywele na kuzima kundi jingine. Seli hizo zote zinamwaga mapigo yao kwenye seli chache kubwa, jozi saba, zenye mikia mirefu inayopanda kutoka tumboni hadi kwenye mafundo ya neva ya kifuani, pale miguu inapoongozwa. Huko seli nyingine zinapokea kutoka pande zote mbili na kulinganisha: kushoto wamepiga zaidi au kulia? Zipo seli zinazosukuma jirani zake zipige, na zipo zinazozizuia. Kila seli inajumlisha inavyosukumwa na inavyozuiwa, ikifika kiwango chake inapiga, isipofika inakaa kimya. Miguu ya upande mmoja inasukuma, ya upande wa pili inavuta, mende anageuka.

"Yote hayo," nikauliza, "kwa muda ule mdogo?"

Kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mwaka 1978 mtafiti Jeffrey Camhi na wenzake walionyesha kwamba mende anausikia upepo mdogo unaosukumwa na chura anapoanza kumrukia, na mara nyingi anakuwa ameshageuka kabla ulimi haujafika.

Nililitazama lile karatasi muda mrefu. Nilitafuta kwa kidole seli inayojua kwamba kuna chura. Ya unywele inajua kwamba unywele umelala. Ile kubwa inajua kwamba imepigiwa vya kutosha. Ya mguu inajua kwamba imeamrishwa. Nilimwambia Da sijaiona, akafurahi sana, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Haipo, akasema. Chura anajulikana na mpangilio wote, nani ameunganishwa na nani, kwa nguvu kiasi gani, na yupi anamzuia yupi. Nimesoma mengi tangu usiku ule, na sasa nafundisha baiolojia, lakini nikitaka kueleza ubongo unafanyaje kazi bado naanzia kwenye lile karatasi la kalenda.

Bibi alitaka kujua sisi tunazo seli za neva ngapi. Mende ana karibu milioni moja ubongoni. Kwa binadamu vitabu vingi viliandika bilioni 100 kwa miaka na miaka, mpaka Suzana Herculano-Houzel, mtafiti wa Brazil, alipotafuta njia ya kuyeyusha tishu za ubongo ziwe mchuzi na kuhesabu viini vya seli ndani yake. Mwaka 2009 yeye na wenzake walitoa hesabu yao, kama bilioni 86. Na seli moja katika hizo inaweza kupokea kutoka kwa maelfu ya wenzake. Bibi alirudia "themanini na sita" polepole, akauliza kama na yeye, mtu mzima aliyeanza kusahau majina ya wajukuu, bado anazo. Da akamwambia nyingi zipo, na kwamba kukumbuka ni kazi ya kundi zima: seli zilizozoea kupiga pamoja zinaimarisha viungo baina yao, na zikichokozwa chache nyingine zinafuata. Ndiyo maana harufu tu inaweza kumrudisha mtu. Bibi akasema kwake ni harufu ya asumini, wala hakutueleza zaidi, nasi hatukumuuliza.

Kisha akauchukua mrija. Alimpulizia mende kutoka kushoto, mende akakimbilia kulia. Akampulizia kutoka kulia, akakimbilia kushoto. Akarudia kutoka kushoto. Safari hii mende alikwenda karibu mbele moja kwa moja. Mara nyingine akakata kona kali. Bibi aliinua uso, amekasirika kidogo, kana kwamba tumemdanganya. "Pumzi ni ile ile. Mbona haendi pale pale?"

Da Mwanaidi akacheka kwa furaha, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa limeandikwa na watafiti miaka minne tu kabla, mwaka 2008. Walikuwa wameona kwamba mende akikimbia anazo pembe kadhaa anazozipendelea, na upepo ukija ule ule mara hii anachukua moja, mara nyingine nyingine. Adui angejua atakakokwenda, angemngojea huko.

"Sasa nani anachagua," akauliza Bibi, "ikiwa kila mmoja wao anajua pa, pa tu?"

Da alijaribu kumjibu, akaanza tena upya, akageuza karatasi aandike upande wa pili. Bibi hakusubiri. Alikwisha kuinama kwenye trei, mrija mdomoni, anapuliza kutoka kushoto, na mimi nikaambiwa nitafute kalamu niandike kila mara mende anaelekea wapi.