Siku Pikapu Ilipovuta Kushoto

Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ufundi wa magari siku mwalimu wangu aliponipa ufunguo wa pikapu niliyokuwa nimetoka kuibadilishia pedi za breki za mbele, akaniambia, "Kazi ya breki haiishii kwenye jeki, mwanangu. Washa twende."

Kabla sijaingiza gia alinizuia. Pistoni za kalipa, kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu, husukumwa ndani ili pedi mpya zipate nafasi, kwa hiyo pedali huzama mpaka chini mara ya kwanza bila kushika. Nilikanyaga mara nne ndipo ikawa ngumu. Tukaenda kwenye barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na magari. Kwa kilomita 20 kwa saa sikuona kasoro, na kwa 40 nilihisi usukani ukisogea kidogo, nikanyamaza. Kwa 60, nilipokanyaga kwa nguvu huku nimeshika usukani kwa wepesi kama alivyoniagiza, gari lilivuta kushoto mpaka tairi la mbele likachota changarawe za ukingoni.

"Mwendo ukizidi mara tatu, breki inabeba kazi mara tisa," alisema, "ndiyo maana ile 20 haikukuambia kitu."

Nikashika spana niende kufungua gurudumu la kushoto. Akanirudisha. "Kushoto kunashika, fundi. Kulia ndiko kumelala." Alinitaka nisogeze kiganja karibu na rimu bila kuigusa: ya kushoto ilitoa joto kali, ya kulia ilikuwa vuguvugu tu. Tulipoifungua ya kulia, uso wa pedi ulikuwa na doa jeusi linalong'aa, kwa kuwa nilikuwa nimejaza grisi kwenye pini za kalipa na iliyozidi ikafika pale. Nilidhani tungeisugua kwa msasa, lakini alikataa kabisa, kwani pedi iliyokwisha kunywa grisi huitoa tena ikipata moto. Tulisafisha diski na kufunga pedi nyingine pande zote mbili.

Nilikuwa nikiwaza mwenye gari akikanyaga breki hizo kwenye lami iliyolowa, amepakia mzigo, na sikuweza kusema neno.

Tulizizoesha pedi mpya na diski kwa kupunguza mwendo polepole mara kadhaa, tukiziacha zipoe kila mara, kisha nikarudia ile 60. Gari lilisimama limenyooka. Nilishuka bila kuambiwa, nikasogeza kiganja kwenye rimu ya kulia, halafu ya kushoto, na joto lilikuwa moja.