Tulivyotenganisha Nyumba Mbili za Shangani

Kwenye karatasi ya mirathi mambo yalikuwa mepesi: nyumba ya upande wa bahari ya kaka, ya upande wa pili ya dada yake. Lakini marehemu baba yao alishazitoboa zamani, akaziunganisha kwa mlango wa chini na mwingine wa ghorofani, akazikodisha zote kwa kampuni moja. Kampuni ilipohama, kila mmoja akatafuta mpangaji wake wa ofisi. Mimi, msimamizi wa ujenzi ambaye hata ndevu hazijakolea, nikapewa kazi ya kuzitenganisha.

Ilikuwa 2021. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani wa Zanzibar, ilikuwa imeporomoka Disemba 25, 2020 ikiwa katika ukarabati, ikaua watu wawili, na Mji Mkongwe mzima kila mtu alikuwa anautazama ukuta wake mara mbili. Kwa hiyo mafundi wa saruji, wanaomaliza kazi kwa siku moja, sikuwataka. Nilimfuata mzee mmoja wa Makunduchi aliyezeeka na chokaa.

Umeme ulikuwa kichekesho: mita moja, na ukizima swichi kwa kaka, kompyuta za kwa dada zinalala. Hilo lilimalizwa na mafundi wa umeme. Ukuta ndio uliotukalisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nimulikie hapa."

Alikuwa juu ya ngazi, chini kidogo ya dari, anabandua lipu ya saruji aliyoipiga mtu miaka ya nyuma. Vikatokea vichwa vya boriti za mikoko, za nyumba zote mbili, zimeingia katika ukuta uleule na kulala ubavu kwa ubavu. Akachomeka bisibisi kwenye kimoja. Ikazama mpaka kwenye mpini, na vumbi jeusi lenye unyevu likamwagika mkononi mwake. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa hewani; ukiufunika kwa saruji, maji yanabaki ndani na mti unaoza kimyakimya.

"Sasa hiyo nusu ya dada na nusu ya kaka utaikata wapi?" akaniuliza. "Gusa hapa, dari mbili zinashuka."

Tukaweka nguzo za muda pande zote, tukabadilisha boriti zilizooza, ndipo tukaanza kuziba milango kwa mawe na chokaa, mistari michache kisha tunasubiri ikamate. Mawe yaliletwa na hamali kwa mkokoteni, maana gari haliingii kichochoro kile, naye akigombana na watalii njia nzima. Mpangaji wa dada alinipigia kila asubuhi kuuliza kwa nini tusitumie matofali. Simlaumu, kodi alishalipa.

Kasheshe ikaja kwenye malipo. Kaka akasema zilizooza ni za dada. Dada akasema lipu ile ilipigwa upande wa kaka. Mzee akawapandisha wote ghorofani, kanzu na buibui zikajaa vumbi, akawaonyesha vipande vilivyotolewa: vimeoza sawasawa.

"Mimi nimekubeba mgongoni," dada akamwambia mdogo wake. "Toa nusu yako."

Akatoa. Ila mfereji wa paani umebaki mmoja, na nasikia kila masika wanapigiana simu.