Gari limekufa ila bado lina mwenyewe

Kuna gari limepaki nje kwetu mpaka majani yameota kwenye bampa, tairi mbili chini, kioo cha nyuma kimezibwa na nailoni na paka kazalia mle ndani. Kila mtu analalamika, ila ukisema basi livutwe wote kimya. Na kweli si rahisi hivyo, gari hata likiwa skrepa bado ni mali ya mtu, ndo maana miji mingi inaanza na stika ya notisi kwenye kioo, mwenyewe anapewa siku kadhaa aliondoe, na kama pleti zishang'olewa wanamtafuta kwa namba ya chesisi. Akikaa kimya linavutwa yadi, gharama za kulaza zinapanda kila siku, mwisho mnada. Halafu hata kwenye kiwanja chako mwenyewe hujapona, sehemu nyingine gari lisilotembea lazima liwe ndani ya banda la gari au nyuma ya uzio, turubai tu saa nyingine haikuokoi. Mi niliona ni uonevu mpaka nilipochungulia chini ya hili letu, oili imefanya dimbwi jeusi linaelekea mtaroni, na kwenye tairi la spea maji yamejaa viluwiluwi vya mbu.