Sugu ya Kidole Gumba

Nimeiona leo asubuhi nikimenya viazi: sugu, kwenye kidole gumba cha kushoto, ngumu kidogo na inayong'aa kama punje ya mahindi makavu. Mkono wa kulia ndio unaoshika kisu, mwiko na kalamu, lakini sugu imeota kushoto. Nikacheka peke yangu jikoni. Mama ana sugu za jembe. Mimi mwanawe nina sugu ya gemu.

Ina historia yake. Nilipokuwa darasa la tano kulikuwa na kibanda cha gemu nyuma ya kinyozi, mlango wa pazia, televisheni mbili, na padi za kuchezea ambazo analogi zake, vile vijiti vya kusukuma kwa gumba, zilikuwa zimelika mpira hadi mwenye kibanda akazivalisha vipande vya tyubu ya baiskeli. Ile tyubu ilikuwa inakwangua ngozi. Wasichana hatukukaribishwa sana, kwa hiyo nikiipata padi nilikuwa siiachi mpaka nifungwe, na nilikuwa sifungwi haraka. Sasa nina miaka 36, napiga hesabu za watu katika ofisi moja mjini, naishi Donholm, hapa Nairobi, na gemu zangu karibu zote nachezea ndani ya matatu za Jogoo Road.

Jumapili tulikuwa mtaa wa Umoja kwa kaka yangu. Tumekula, vyombo vimeoshwa, watoto wameshika padi mbele ya televisheni, stima ikapotea. Ukitaka kujua familia yetu ni ya watu gani, zima stima. Hazikupita dakika mbili kabla vifaa vinne vya gemu vya mkononi havijatua mezani, kila kimoja kikitoka kwenye mkoba wa mwenyewe, kana kwamba sote tulikuwa tunangoja kisingizio. Waifai ilienda, wifi yangu akabaki, naye ndiye aliyewasha mshumaa akasema hajawahi kuona watu wazima wakifurahia giza namna hii.

Binamu yangu ana Steam Deck, kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu za kompyuta, ile ya kwanza iliyotoka mwaka 2022, aliyoletewa na rafiki kutoka Marekani. Uzito wake anaujua kwa kichwa: gramu 669. Anautaja kama baba anayetaja uzito wa mtoto aliyezaliwa na afya. Nilipoipokea nilihisi nimepewa pakiti ya sukari ya nusu kilo, na nyongeza ya muuzaji juu yake. Sitaidanganya nafsi yangu, mikononi inakaa vizuri kuliko nilivyodhania. Analogi mbili ziko juu, sambamba na vitufe, kidole hakijikunji kuzifikia, na mgongoni kuna vitufe vingine vinne ambavyo vidole vya nyuma, ambavyo siku zote huwa vimekaa bure, vinapata kazi. Gemu za kompyuta alizonunua miaka mingi iliyopita zote anazipata humo. Lakini feni inavuma, hewa ya moto inatoka juu, na nilimhesabia: kila baada ya dakika kumi alikilaza kile kitu mapajani. Nikamwuliza anachezea wapi hasa.

"Kitandani. Nimeweka mto kifuani, halafu hii juu ya mto."

Basi ni kifaa cha kitanda. Hakuna ubaya.

Binti ya kaka yangu, ambaye ana miaka 14 na maoni ya mtu wa 40, alikuwa na Switch ya Nintendo, ile ya skrini ya OLED. Hapa giza lilisema kitu ambacho duka halingesema. Kwenye Steam Deck ya binamu, penye usiku ndani ya gemu palionekana rangi ya majivu, kwa sababu nyuma ya skrini ile kuna taa inayowaka wakati wote. Kwenye OLED kila nukta hujiwasha na kujizima yenyewe, kwa hiyo penye weusi hapana taa kabisa. Akaingia pangoni, na kingo za skrini zikapotea. Hukujua tena gemu inaishia wapi na sebule inaanzia wapi, uliona tu mwenge mdogo ukielea juu ya mikono ya mtoto. Tulinyamaza sote, hata wifi.

Kisha akachomoa zile Joy-Con mbili, padi ndogo za ubavuni, moja akampa mdogo wake, moja akanipa mimi, akasimamisha skrini kwenye bakuli la matunda. Kwa mikono ya watoto ni sawa kabisa. Mimi nilikuwa kama mtu mzima aliyekaa kwenye dawati la chekechea. Vitufe vya juu, vile vya SL na SR, nilivitafuta kwa ncha za kucha. Mtoto wa miaka saba akanishinda mara nne, akaniambia, "Anti, pumzika," kwa upole uliouma kuliko kipigo chenyewe.

Kaka naye alitoa PSP yake, kifaa cha zamani cha Sony. Aliinunua ikiwa imetumika akiwa chuoni, na betri iliyomo sasa ni ya tatu. Skrini ya inchi 4.3, diski ndogo ndani ya ganda lake la plastiki, na ule mkwaruzo wa diski ikizunguka ambao yeye anaupenda na mimi unanikumbusha panya darini. Ina analogi moja tu, kidude bapa kinachoteleza, upande wa kushoto. Gemu zinazotaka ugeuze kamera kwa mkono mwingine zilikuwa mateso. Kule Japani wachezaji wa gemu ya Monster Hunter walibuni dawa: gumba kwenye analogi, na kidole cha shahada kinapinda kutoka juu hadi kwenye vitufe vya mishale ili kuzungusha kamera. Kaka akatuonyesha. Mkono ulijikunja kama kaa aliyetolewa majini. Hata hivyo anaapa kwamba hakuna kilichowahi kuizidi PSP, na nilipomtazama akiwa amekunja mkono vile, amefumba jicho moja, nilimwamini kwamba anasema kweli yake.

Mabishano yakaanza. Binti anasema PSP ni mashine ya makumbusho. Binamu anasema nguvu ndiyo kila kitu, mengine ni hadithi. Kaka, ambaye hujibu kila jambo kwa historia, akaja na Gunpei Yokoi. Mhandisi wa Nintendo, akasema, alikuwa kwenye treni, akamwona abiria mmoja kachoka na safari, anabonyezabonyeza kikokotoo chake apitishe muda. Hapo ndipo wazo la gemu za mfukoni za Game & Watch lilipomjia, na vifaa vyenyewe vikatoka mwaka 1980. Mwaka 1982, kwenye ile ya Donkey Kong, akaweka kitufe cha msalaba chini ya gumba la kushoto, na mpaka leo karibu kila padi inao. Halafu mwaka 1989 ikaja Game Boy: haina rangi, skrini ya kijani-kijani, betri nne ndogo. Mwaka huohuo Atari walitoa Lynx yenye rangi, iliyokula betri sita kwa saa chache tu. Watu wakachukua ile isiyo na rangi.

"Kwa nini?" binti akauliza.

"Kwa sababu ilikuwa bado inawaka wakifika nyumbani."

Kaka aliisimulia kumjibu binamu, lakini mimi ndiye niliyebaki nayo. Nilikuwa najua Game Boy, najua msalaba, ila sikuwahi kutia maanani kwamba chanzo chake ni abiria. Mtu aliyekaa kwenye kiti, safari ndefu, mikono haina kazi. Huyo ni mimi. Nikawaambia basi maoni yote yanayotolewa juu ya kochi ni nusu ya maoni. Njooni mjaribu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kiti cha nyuma ya dereva, foleni imeanzia Hamza.

Kwanza, jua. Asubuhi Jogoo Road inaelekea mjini, magharibi, jua linachomoza mgongoni mwako na kutua juu ya skrini. Jioni unarudi mashariki, jua limehamia magharibi, liko mgongoni tena. Miaka yote hii sijapata kona ya matatu ambayo jua halinikuti. Skrini nzuri ya sebuleni inageuka kioo cha kujipakia wanja. Pili, sauti sahau. Spika iko chini ya kiti, besi inapanda kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo gemu inayotegemea kusikia adui akija haifai. Tatu, matuta. Kila mtu anasifu vitufe laini vinavyobonyea kwa kupuliza. Kwenye tuta nataka kitufe kigumu kinachosubiri nimaanishe.

Na dirisha. Kila mkaazi wa mji huu anaijua sheria hii: ukitoa kitu cha thamani, kioo kifungwe, hata kama abiria wanapikika kwa joto. Mkono unaingia kutoka nje kwenye foleni na kutoka na simu ya mtu kabla hajamaliza kusema "haiya". Mimi huchezea ndani ya mkoba uliofunguliwa mapajani, kitambaa juu yake, nimeinama kama mtu anayesali.

Lakini kubwa kuliko yote ni kitufe cha kulaza. Kondakta anapiga sarafu: nauli. Unabonyeza, unalipa, unabonyeza, uko palepale ulipokuwa, hewani, katikati ya kuruka. Mama mwenye mtoto anapanda, unampakata mtoto mpaka City Stadium, unarudi, uko hewani bado. Hivi vyote vinne vya juu ya meza vinaweza hilo, hata PSP ya kaka, na hakuna aliyelitaja usiku ule. Labda kwa sababu ukiwa kwenye kochi hakuna anayekukatiza.

Niliyasema haya yote kwa majivuno, na nilikuwa na aibu ambayo sikuwaonyesha. Kifaa changu, cha nne pale mezani, niliwaambia hakina chaji. Uongo. Kilikuwa kinavuta kushoto. Ilianza kidogo, wiki kadhaa nyuma: nimeachia analogi, mtu wangu wa ndani ya gemu anapiga hatua moja mwenyewe. Nikadhani ni mimi. Kisha hatua mbili. Kisha akawa anatembea polepole mpaka ukutani na kuendelea kutembea pale ukutani, kama gari lililopotoka magurudumu. Nilikinunua kikiwa kimetumika, na muuzaji alipoona nimerudi alinieleza kwamba kitu kilichotumika kikitoka mlangoni kimetoka. Akarudia kula chapati yake.

Kwa hiyo Jumatatu saa ya chakula nikashuka kwa mafundi wa Luthuli, mjini. Ghorofa ya chini, ngazi nyembamba, vibanda vya futi nne kwa nne, kila kimoja na taa yake na harufu ya risasi ya kuchomelea. Fundi alikuwa kijana, miwani ya kukuza juu ya paji la uso. Hakuniuliza swali. Alikishika, akaizungusha analogi mara moja, akaiachia, akamtazama mtu wangu akiondoka.

"Dadangu, hii haijaharibika. Imechoka."

Akakifungua. Ndani ya analogi, akanionyesha kwa ncha ya koleo, kuna vitepe vyeusi vya kaboni, na juu ya kila kimoja ulimi mdogo wa chuma unaoteleza kila unaposukuma. Umeme unaopita hapo ndio unaoiambia mashine kidole kiko wapi. Kila mchezo ulimi unakwangua kaboni, na kaboni ikilika mashine inasoma kwamba unasukuma hata kama umelala. Palikuwa na mstari mweupe kwenye ule weusi, mwembamba kama uzi, upande mmoja tu. Kwa hiyo mahali pale nimekuwa nikisugua vitu viwili kwa pamoja: juu ngozi yangu ikaongezeka, chini kaboni ikapungua.

Alikuwa na aina mbili za kubadilisha. Ya kaboni, shilingi 1,500, na ya sumaku, 2,500. Kwenye ya sumaku hakuna kinachogusana, kipima kinasoma tu sumaku ilivyosogea. Nilimwandikia kaka kumtambia kwamba nimepata teknolojia mpya. Alijibu kabla sijalipa: Sega waliitia kwenye padi ya mashine yao ya gemu, Dreamcast, mwaka 1998. Ndugu huyu hachoki.

Jioni nikapanda matatu, nikakaa kiti cha ndani, kijana wa sare ya shule akakaa dirishani. Nikatandaza kitambaa, nikawasha. Mtu wangu alisimama. Alisimama kabisa, kama mlinzi wa benki, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nami nikamtazama hivyo hivyo mpaka tukapita Muthurwa.

Kisha nikaanza kucheza, na nikaanguka shimoni. Nikarudia, nikaanguka tena, shimo lilelile, upande wa kulia. Ilinichukua muda kuelewa. Wiki zote zile kifaa kilipokuwa kinavuta kushoto, gumba langu lilikuwa linamrudisha kulia, kidogo kidogo, bila kuniuliza. Sasa kifaa kimepona na gumba bado linasaidia. Nililiambia liache. Halikuacha. Nimeanguka mara tisa kati ya City Stadium na Donholm, nimehesabu, na kwenye ile ya tisa nikasikia mtu akivuta pumzi pembeni yangu. Yule mwanafunzi alikuwa ameinamia mkoba wangu tangu Maringo.

"Madam," akasema, kwa adabu nyingi, "unaruka kama kuna kitu kinakusukuma. Naweza kukuonyesha hapo tu?"

Nikamtazama. Nikaitazama mikono yake.

"Funga dirisha kwanza," nikamwambia.