Linki 1,900, 640 au 212? Mzee alitaka nimwambie ipi ya kweli

Jana mchana nilikuwa Moshi, kule Boma Road, kwa mzee mmoja mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, tovuti yake naitunza mwaka wa tatu huu. Nikamkuta ameprinti karatasi tatu kazipanga mezani, moja ya Ahrefs, moja ya Semrush, hizi ni programu za kuhesabu linki za tovuti nyingine zinazoelekea kwako, na moja ya Google Search Console, ya Google wenyewe kwa wenye tovuti. "Kijana wangu, hii inasema nina linki 1,900, hii 640, hii 212. Nani ananidanganya?" Kumbe kuna mtu kampigia simu kamwambia linki zako zimeporomoka, lipia kifurushi tukurudishie.

Iliniuma kwa kweli. Mzee wa watu hakulala.

Nikamwambia mzee hakuna anayekudanganya hapo kwenye karatasi, ila hizo namba hazilinganishwi. Hizi programu za nje hazipewi orodha na Google, kila moja ina roboti wake anayezunguka intaneti ukurasa kwa ukurasa, Ahrefs ana AhrefsBot, Semrush ana SemrushBot, Majestic, programu nyingine ya aina hiyo, ana MJ12bot, na kila mmoja anaanzia kwake na kupita njia yake. Ukimweka mtu geti la Marangu ahesabu wageni wanaoshuka, na mwingine Mweka, jioni watakuletea namba mbili tofauti na wote wamehesabu vizuri, maana aliyepanda njia ya Machame au Lemosho anashukia Mweka, wa Marangu anarudi kulekule. Hapo mzee akacheka, akanielewa.

Halafu kuna milango imefungwa. Kuna lodge moja ya Karatu imemweka mzee kwenye ukurasa wa washirika wao, linki nzuri kabisa, Search Console inaionyesha ila Ahrefs haina. Nikafungua faili lao la robots.txt, linaloambia roboti wapi wasiingie, kwenye simu nikamwonyesha mistari miwili tu:

User-agent: AhrefsBot
Disallow: /

Yaani mtengenezaji wao kamkatalia huyo roboti asiingie, wengi wanafanya hivyo ili seva isielemewe. Linki ipo, Google anaiona, na hamna haja ya kwenda kuwasumbua wenye lodge.

Sasa ile 1,900 ndo nilikaa nayo muda mrefu. Nikashuka kwenye orodha, jina moja linajirudia tu, blogu ya wapanda milima imeweka logo ya mzee chini kabisa ya ukurasa, na ile sehemu ya chini inatokea kwenye kila ukurasa wa blogu, kwa hiyo tovuti moja imehesabiwa mara elfu moja na mia mbili na kitu. Ukiacha kuhesabu linki ukahesabu domeni zinazokuunganisha, yaani tovuti ngapi tofauti zina linki kwako, Ahrefs inakupa 58 na Search Console 47. Karibu pengo lote lile limeisha hapo.

Na ile 640? Aliyeitoa hakuweka domeni nzima, aliweka anwani ya ukurasa wa mwanzo peke yake, kurasa za njia za mlimani ambazo ndo watu wanaziunganisha sana hazimo kabisa. Hapo ndo nilikasirika, maana imeandikwa wazi juu ya karatasi, anayejua kazi anaiona.

Mzee akauliza basi si tushike ya Google tu? Nayo ni sampuli mzee, Google wenyewe hawatoi linki zote, hata ile amri ya zamani ya link:, ya kutafuta linki za tovuti kwenye Google, waliizima 2017. Na usisahau muda, Majestic wana indeksi mbili, yaani orodha mbili za linki, ya karibuni na ya kihistoria, hiyo ya kihistoria inabaki na linki za blogu zilizokufa zamani, na sisi watu wa utalii tunajua blogu ngapi zilikufa baada ya 2020.

Tukakubaliana tushike programu moja, domeni nzima, kila tarehe 1 tunaangalia domeni zimeongezeka au zimepungua na ni zipi. Akatoa kaunta buku yake ileile ya mahesabu ya wapagazi, akaandika 58 na tarehe. Yule wa simu akipiga tena, mzee kasema atamuuliza kwanza: namba hizo za roboti gani, na umeweka domeni nzima au ukurasa mmoja?