Ndoo ya maganda kwa mche mmoja: kumbukumbu ya mradi wetu kando ya mto Rau

Masika yamekatika, udongo umeanza kukauka, na huu ndio wakati mzuri wa kuandika tulipofikia. Kwa anayesoma kumbukumbu hii kwa mara ya kwanza: sisi ni kikundi cha majirani upande wa mashariki wa Moshi. Tunatengeneza mboji kutokana na taka za jikoni na za sokoni, tunakuza miche kwa mboji hiyo, na miche tunaipanda kando ya mto Rau. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi, tunaweka meza yetu pembeni ya barabara. Ukileta ndoo ya taka za kuoza zilizotenganishwa vizuri, unaondoka na mche mmoja au mboji ya kutosha bustani ndogo ya mchicha.

Niseme kwanza kwa nini tulichagua kubadilishana. Usafi wa mwisho wa mwezi ninaupenda. Watu wanatoka na majembe na mafyekeo, mitaro inazibuliwa, majirani wasioonana wanapeana habari. Lakini kila ukizibua mtaro unapata lundo, na lundo linabaki pale likisubiri gari. Mvua ikiwahi kuliko gari, lundo linarudi mtaroni na kutoka mtaroni linakwenda mtoni. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vya kuoza. Hivyo ndivyo vinavyoleta uzito, harufu, nzi na mbwa. Ukiviondoa mapema, jikoni kwenyewe, kinachobaki ni kikavu na chepesi: chupa, makopo, karatasi. Hicho mtu anaweza kukitunza kwenye kiroba mpaka mnunuzi wa kilo apite. Kwa hiyo sisi hatumwombi mtu aje kuokota. Tunamwomba aanze kutenga nyumbani kwake siku zote za mwezi, halafu tunampa sababu ya kurudi.

Februari na Machi: biwi

Mpango wa mwanzo ulikuwa kukusanya maganda ya ndizi. Huku kwetu ndizi haikosekani jikoni, na soko la Mbuyuni peke yake lingetosha kutujazia uwanja. Mama mmoja muuza ndizi akatuweka sawa siku hiyo hiyo. "Mwanangu, maganda haya nikikupa wewe, ng'ombe wangu ale nini?" Na kweli. Moshi ganda la ndizi si taka. Lina mwenyewe: kuna anayelipeleka kwa ng'ombe wa ndani, kuna wa nguruwe, na wengine wanalinunua kwa kiroba. Hatukuwa na haki ya kumnyang'anya ng'ombe chakula kwa jina la mazingira.

Basi tukaomba kile ambacho ng'ombe hali au hakifai kumpa: maganda ya vitunguu, maganda ya machungwa, kabeji na nyanya zilizooza, magunzi ya mahindi, kokwa za parachichi, majani ya chai. Mama yule yule akaongeza neno ambalo limetufaa kuliko yote, kwamba samadi ya huyo ng'ombe tunaweza kuja kuibeba. Leo mabiwi yetu, yale malundo ya kuozeshea mboji, yanakwenda kwa samadi yake, naye anachukua mboji kwa ajili ya migomba.

Jinsi tunavyopanga biwi, kwa wale waliouliza. Chini kabisa tunatandika matawi makavu na magunzi ili hewa ipite. Juu yake safu ya vitu vikavu: majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa na maranda kutoka kwa mafundi seremala. Kisha safu ya maganda mabichi, kisha samadi kidogo, kisha tunarudia. Kwa kipimo cha ndoo, kavu iwe mara mbili au tatu ya mbichi. Vitu vikavu vina kaboni nyingi, vibichi vina naitrojeni nyingi, na vijidudu vinavyoozesha vinahitaji vyote viwili. Mbichi ikizidi, biwi linanuka na kuchuruzika. Kavu ikizidi, linakaa tu bila kupata joto. Unyevu uwe kama wa sifongo iliyokamuliwa: ukifinya konzi moja, itoke tone moja mbili, isitiririke.

Kipimajoto chetu ni kipande cha nondo. Tunakichomeka hadi katikati, tunakiacha hapo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, halafu tunakichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto mkono usivumilie, biwi limefika, maana ndani lazima joto lipite nyuzi 55 likae siku kadhaa ili mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa vife. Asubuhi za Machi, ukilifungua kwa uma wa shamba, mvuke unapanda usoni na katikati unaona utando mweupe umeenea kwenye maranda, na harufu inakuwa imeshaanza kugeuka kuwa ya udongo wa msituni. Vijana wetu wanagombania kugeuza siku hiyo. Tukiona joto limezidi nyuzi 70 tunageuza haraka na kunyunyiza maji, kwa sababu hapo hata vijidudu vinavyotufanyia kazi vinakufa.

Kitu ambacho hatukukipanga kilituletea baraka. Kokwa za parachichi haziozi upesi. Zilipofika pembezoni mwa biwi, kwenye joto la wastani, zikaanza kupasuka na kutoa kichipukizi chekundu kinene. Tumezihamisha. Jirani mmoja anayejua kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti cha mti mwingine) kwenye mche, ametufundisha, na baadhi ya michipukizi sasa ina vikonyo vya parachichi la kisasa. Mche wa parachichi ndio unaoombwa zaidi mezani, na ndoo nyingi zinakuja kwa sababu yake. Ninafurahi sana kwa hilo: mtu anatupa kokwa, na baadaye kokwa ile ile inamrudia ikiwa mche.

Aprili: mtoni

Tulianza kupanda mvua ziliposhika sawasawa. Nyumbani mtu apande atakacho, lakini mtoni tuna orodha yetu na tunaisimamia. Mkuyu, kwa sababu mizizi yake inashika ukingo, nao unaota hata kwa vipandikizi. Msesewe, ambao wazee wa Uchaggani wanaufahamu vyema kwa gome lake linalotiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, na ambao kwa asili ni mti wa kando ya maji. Mringaringa na mfuruanje tunaziweka juu kidogo ya ukingo. Mkaratusi hatuupandi karibu na mto hata tukiletewa bure, maana unakunywa maji mengi na chini yake haioti karibu chochote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wanaijua. Lakini ukimwendea mama anayekata majani ya tembo pale kwa ajili ya ng'ombe wake ukamsomea kifungu, umeshampoteza, na miche yako ataifyeka pamoja na majani. Sisi tulikaa naye, tukiwa na mwenyekiti wa mtaa. Tukakubaliana kwamba mstari wa kwanza karibu na maji ni wa miti, na nyuma yake majani yake yanabaki, kwa kuwa nayo yanashika udongo. Anayakata kwa mundu, haling'olewi hata shina, wala halilimwi jembe. Tangu hapo yeye ndiye mlinzi wetu wa upande ule, anafukuza mbuzi kabla hatujapata habari.

Mbuzi kwa kweli walitusumbua upande mwingine, pasipokuwa na mwenye majani. Miche ya mringaringa iliyokuwa imefika magotini ililiwa ikabaki vijiti. Hapo ndipo mzee mmoja, ambaye kila tukimwamkia anauliza kwanza habari za miti ndipo aulize habari zetu, alipotushauri kupanda masale kwenye mpaka. "Pandeni sale hapo. Mbuzi atapita, lakini mwenye mbuzi akiliona atamrudisha." Kwa Wachagga sale ni alama ya mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, na ndilo jani analoshika mtu anapokwenda kuomba msamaha. Tulilipanda mstari mzima. Siwezi kusema mbuzi wamekoma, ila mazungumzo na wenye mbuzi yamekuwa tofauti kabisa. Wanakuja wenyewe kueleza.

Viriba vya nailoni vimetuumiza kichwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na sote tumeona mitaa ilivyobadilika, lakini viriba vya miche bado vipo na mara nyingi vinabaki palepale kwenye shimo. Kikundi kimoja kilichokuja kupanda nasi kiliondoka kikaacha ukingo umejaa viriba vyeusi vilivyochanwa, tukavikusanya sisi hadi jioni. Tangu hapo miche ya mtoni tunaikuza kwenye magamba ya mgomba. Unachukua gamba kavu, unaliloweka liwe laini, unalizungusha kwenye kopo, unakunja kitako, unafunga kwa uzi wa mgomba huo huo. Linavumilia kitalu kwa miezi michache, kisha linaingia shimoni pamoja na mche na kuozea humo. Wanafunzi wanalifunga haraka kuliko sisi wakubwa.

Mei: maji

Mto ulijaa. Miche iliyokuwa chini kabisa mwa ukingo ilikwenda na maji, mingine ililazwa lakini mizizi ikashika, na mikuyu yote ya vipandikizi vinene ilisimama. Kwa hiyo mstari wa chini safari ijayo utakuwa wa mikuyu mitupu, vipandikizi vya unene wa mkono, na msesewe utapanda hatua moja juu.

Maji yalipopungua, majani ya tembo yalibaki yamening'iniza chupa na vile vifungashio vyepesi vinavyoangaza, usawa wa kifua changu. Taka zile zilikuwa njiani kwenda mbali. Mto Rau unapita msitu wa Rau wenye mivule yake mikubwa, unamwagilia mashamba ya mpunga ya Moshi chini, kule Rau ya Kati na Chekereni, kwenye skimu iliyojengwa miaka ya 1980, halafu maji yanashuka kuelekea Kahe na bwawa la Nyumba ya Mungu. Mkulima mmoja wa mpunga wa Chekereni alikuja kututembelea mwezi huo. Akasema zamu yake ya maji ikifika, kazi ya kwanza ni kutoa chupa kwenye mlango wa mfereji, na saa za zamu zinakwenda hapo. Watu waliokuwa mezani walinyamaza, wakamsikiliza. Wengi hawakuwa wamewahi kumfikiria anayekaa chini ya mto. Nimeomba arudi, na safari hii sisi tutakwenda kwake.

Juni

Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5, ilifika na shamrashamra zake. Tulishiriki, watoto waliimba, viongozi walipanda. Mimi ninaikumbuka zaidi kwa meza ya kutenganisha: tulimwaga kiroba cha taka mchanganyiko juu ya turubai, tukawaacha watoto wapange. Binti mmoja akamsimamisha mama yake aliyekuwa anapita na mfuko: "Mama, pampasi haiwi mboji, toa." Mama alitoa. Kwenye ndoo za Jumamosi iliyofuata, uchafu usiohusika ulipungua sana, na tukalazimika kuongeza ndoo za kupokelea.

Sasa tunaingia kiangazi, na hapa ndipo miche mingi ya mikutano hufa, kwa sababu siku ya kupanda ina watu mia na siku ya kumwagilia haina hata mmoja. Tumegawa ukingo kwa kaya. Kila kaya ina miche yake, na kaya iliyotunza ndiyo inayotangulia kuchagua mche wa parachichi mezani. Kila shina limewekewa matandazo ya majani makavu, yasiguse gome ili mchwa wasipate njia. Zile chupa za lita moja na nusu zilizookotwa mtoni tumezikata kitako, tukatoboa kizibo kwa sindano ya moto na kuzichimbia shingo chini karibu na mizizi. Unajaza asubuhi, maji yanadondoka taratibu mchana kutwa. Vuli ikishika tutazitoa zote na kuzipeleka kwa mnunuzi wa kilo, tusije tukazizika sisi wenyewe.

Kitaluni kazi iliyopo ni mbegu za vuli. Mringaringa unachelewa sana kuota, wiki nyingi, na hauoti kwa pamoja, hivyo vitanda vyake vimeshasiwa. Mbegu za msesewe hazipendi kukaa, tunazifuata zikiwa mbichi na kuzisia siku hiyo hiyo.

Upungufu wetu mkubwa sasa ni vitu vikavu. Ndoo za maganda zimetuzidi na maranda hayatoshi, na mafundi wengine wameanza kuyauza kwa wafugaji wa kuku. Kama una karakana, au unajua mahali yanapochomwa moto, tuambie tuje na mkokoteni. Pumba za mpunga nazo tutazijaribu mwezi ujao, yule mkulima wa Chekereni ameahidi kutuonyesha mashine inayozitupa.