Kupima mtiririko ndani ya tone la kwaki na gluoni

Aprili 2005, makundi manne ya majaribio kwenye kichapuzi cha RHIC, Brookhaven, Marekani, yalitangaza kwamba viini vya dhahabu vikigonganishwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga huzaa kimiminika cha kwaki na gluoni (chembe zinazounda protoni na neutroni), wala si gesi kama wengi walivyotarajia. Nguzo kuu ya tangazo lile ni hesabu ya pembe ambazo chembe huruka nazo, na hesabu hiyo ina mitego.

Viini viwili vikigongana kwa ubavu, sehemu inayokutana huwa kama kokwa ya embe: nyembamba upande mmoja, ndefu upande mwingine. Lau kwaki na gluoni za humo zisingesukumana, kila moja ingeshika njia yake, na kigunduzi kingehesabu idadi ileile pande zote. Katika kimiminika, kanieneo hushuka kwa haraka zaidi kwenye upande mwembamba, kwa hiyo chembe husukumwa zaidi kuelekea huko. Kipimo cha tofauti hiyo ni v2. Matokeo ya kwanza ya STAR, moja ya makundi yale manne, yalifika takriban 0.06, na kwa kuwa idadi hufuata 1 + 2v2 cos 2φ, φ ikiwa pembe ya chembe kutoka upande mwembamba, hizo ni chembe 112 kuelekea upande mwembamba kwa kila 88 kuelekea upande mrefu. Ni tofauti kubwa mno kwa tone linaloishi kama sekunde 3×10⁻²³.

Lakini mlalo wa kokwa hubadilika kila mgongano, na hakuna kifaa kinachouona moja kwa moja. Njia nyepesi ni kuchukua chembe mbilimbili, kutafuta wastani wa cos 2(φ1 − φ2), kisha kipeuo chake cha pili. Kwa v2 ya 0.06 wastani huo ni 0.0036 tu, namba inayochafuka upesi. Chembe isiyo imara ikivunjika, vipande vyake huruka karibu karibu. Jeti, yaani mafungu ya chembe zinazochomoka pamoja kuelekea upande mmoja, nazo hivyohivyo. Uchafu huu hukadiriwa kuwa 1/M, M ikiwa idadi ya chembe katika mgongano mmoja: M ya 1000 hutoa 0.001, ila M ya 20 hutoa 0.05 na kumeza ishara nzima.

Dawa ya kwanza ni kuoanisha chembe zilizo mbali kwa pembe ya kuelekea mhimili wa miale. Dawa yenye nguvu zaidi ni kumulanti ya chembe nne, yaani wastani wa chembe nne kwa pamoja baada ya kuondoa mchango wa chembe mbilimbili, ambayo uchafu wake ni wa kiwango cha 1/M³ dhidi ya v2⁴. Tahadhari: mabadiliko ya umbo kutoka mgongano hadi mgongano hukuza jibu la chembe mbili na kupunguza la chembe nne, hivyo majibu hayo mawili kutofautiana si kosa. Sehemu ya kigunduzi ikiwa imezimika, nayo hutengeneza v2 ya uongo. Pembe zipewe uzito kwanza ili kufidia pengo hilo.

Mwaka 2010 wanafizikia Alver na Roland walionyesha kwamba jinsi nukleoni (protoni na neutroni) zilivyotawanyika ndani ya kiini huzaa pia umbo la pembetatu, v3. Kipimo hiki ni hazina, kwa sababu mnato hufuta maumbo yenye kona nyingi mapema zaidi. Ukilinganisha v2, v3 na v4 (ya umbo la pembe nne), unabana uwiano wa mnato kwa entropi, yaani kipimo cha vurugu: unaangukia karibu na 1/4π, mdogo kuliko wa kimiminika kingine chochote cha kawaida.

Mjadala mkali sasa uko kwenye migongano midogo: je, nayo huzaa kimiminika? PHENIX, kundi jingine la RHIC, waligonganisha protoni, deutroni (kiini chenye nukleoni mbili) na heli-3 na dhahabu, na v3 ikawa kubwa zaidi kwa heli-3, yenye nukleoni tatu, kama pembetatu.